KUOKOA NAFSI: ELIMU YA MIKONO TULIYOIACHA

Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.).

Ndugu Waislamu, miaka kadhaa iliyopita, baada ya swala ya Ijumaa katika msikiti mmoja mjini Iringa, mzee wetu mmoja alianguka ghafla. Tukamzunguka. Huyu alimmwagia maji, yule alimwelekeza kibla, nasi tukamtamkia shahada sikioni. Hakuna aliyetazama kama anapumua. Hospitali tuliambiwa amekwisha fariki. Siku yake ilikuwa imefika, wala hatumlaumu Mola. Tunajilaumu wenyewe, kwani tuliijua dua na hatukuijua kazi ya mikono.

Kwa hiyo mkufunzi wa huduma ya kwanza alipokuja kuwafundisha wanafunzi wetu mjini Mbeya, nasi tuliketi nyuma yao.

Mwanafunzi hujifunza kwanza utaratibu. Ahakikishe usalama wake, kwani anayekimbilia majeruhi barabarani Kitonga au Mlima Nyoka bila kutazama magari huweza kuwa majeruhi wa pili. Amwite aliyeanguka na kumtikisa mabega, kisha atazame kifua kwa muda usiozidi sekunde 10. Ikiwa hazinduki wala hapumui sawasawa, awatume watu kuita msaada na kutafuta gari, naye aanze kazi. Kiganja kimoja katikati ya kifua, kingine juu yake, mikono imenyooka. Kwa mtu mzima hukandamiza sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, akikiacha kifua kiinuke kila mara. Kila baada ya mikandamizo 30 hupuliza pumzi 2. Asiyejifunza kupuliza akandamize tu bila kukoma.

Kwa nini haraka hiyo? Moyo ukisimama, ubongo huanza kuharibika baada ya dakika chache tu, nne hivi. Kutoka vijiji vya Kilolo au Rungwe hadi hospitali si safari ya dakika nne. Mwaka 1960 William Kouwenhoven, mhandisi wa umeme, na wenzake wa Johns Hopkins, Marekani, walionyesha kwamba damu yaweza kusukumwa kwa mikono juu ya kifua bila kukipasua.

Pili, hujifunza mipaka yake. Wengi hawarejei hata wakikandamizwa vyema. Mwenye kuhuisha ni Allah peke yake; sisi tumeamrishwa kushika sababu, kama Mtume (S.A.W.) alivyomwelekeza bedui amfunge ngamia wake ndipo ategemee. Na Sura ya Al-Maida, aya ya 32, yatufahamisha uzito wa kuokoa nafsi moja.

Binti mmoja alituuliza: “Sheikh, kama ningekuwepo siku ile, ningeruhusiwa kumgusa yule mzee?” Tukamjibu: Naam, mwanangu. Dharura hulegeza makatazo, na uhai ni katika mambo makuu ambayo sheria imekuja kuyalinda.

Ndugu zetu, elimu hii tunaihesabu kuwa fardhi kifaya: wakiijua wachache, wengine husalimika, wakiikosa wote, sote tunaulizwa. Basi kila msikiti uwe na wanaume na wanawake walioifundishwa. Chama cha Msalaba Mwekundu Tanzania, kilichoundwa mwaka 1962, hufundisha huduma ya kwanza. Jina lisitutie wasiwasi: katika nchi nyingi za Kiislamu ndugu zake huitwa Hilali Nyekundu.

Allah amrehemu mzee wetu, na aijaalie mikono ya vijana wetu kuwa yenye manufaa. Amin.