Kemia ya Baiskeli Kuukuu

Likizo iliyopita nilikwenda Machochwe, wilayani Serengeti, kumjulia hali mama. Nyuma ya ghala niliikuta baiskeli ya marehemu baba, Phoenix nyeusi iliyoundwa Shanghai, ambayo haijapandwa tangu mwaka 1998. Kuku walikuwa wamefanya keria yake kuwa kitanda. Mpwa wangu, mwanafunzi wa kidato cha tatu aendaye shuleni kwa miguu kilometa saba na kurudi saba, aliniuliza: "Mjomba, hii itatembea tena?" Fundi mmoja alikwisha mwambia kwamba ni chuma chakavu, iuzwe kwa kilo.

Jambo hilo lilihitaji kemia kabla ya spana. Msomaji akumbuke kwamba kutu si uchafu ulioletwa na upepo, bali ni chuma chenyewe kilichoungana na oksijeni na maji. Chini ya tone moja la maji, atomi za chuma mahali fulani hupoteza elektroni, na mahali pengine oksijeni huzipokea. Kila tone, basi, ni betri ndogo iliyo kazini usiku na mchana. Oksaidi inayotokea huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa. Ndiyo maana pini ya mkono wa pedali iligoma kutoka: kutu ilikuwa imevimba na kuibana. Tuliitia oili iliyochanganywa na mafuta ya taa, tukangoja siku mbili, ikalegea. Pini ya upande wa pili niliivunja kwa nyundo, kwa kukosa subira hiyo hiyo ninayowahubiria wanafunzi wangu.

Vipande vidogo tulivilaza katika maji ya ndimu, kwani tindikali huyeyusha oksaidi. Gololi hatukuzitia humo, maana chuma kilichokazwa sana huweza kuwa chepesi kuvunjika kikikaa katika tindikali. Gololi zilizoliwa hununuliwa mpya.

Kwa uma wa mbele tulitumia umeme. Katika ndoo ya plastiki tulikoroga maji na magadi, yale yale yanayolainisha maharage jikoni. Uma uliunganishwa na ncha hasi ya betri ya gari ya volti 12, na kipande cha nondo na ncha chanya, bila kugusana. Elektroni zilipoingia katika uma, kutu nyekundu iligeuka tope jeusi lililofutika kwa brashi. Anayezibadili nyaya hizo atakiona chombo chake kikiliwa badala ya kusafishwa. Kazi hii ifanyike nje, mbali na moto, kwa sababu haidrojeni hutoka. Chumvi ya mezani isitumike, maana huweza kutoa klorini. Wala chuma kisichoshika kutu kisiwekwe upande wa chanya, kwani kromu yake huyeyuka na kuwa sumu.

Usafi huo ndio uliofichua ubaya. Pale miguu ya uma inapokutana na shingo palikuwa na tundu dogo, na msumari uliingia bila kusukumwa. Bomba lilikuwa limeliwa kutoka ndani, chini ya rangi iliyoonekana nzima. Mama alitaka kila kitu cha mumewe kibaki. Nilimweleza kwamba fremu nimeigonga na kuichokonoa, nayo ni imara, lakini uma ukikatika mteremkoni, mtoto huanguka kwa uso. Alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akasema tutafute mwingine. Tuliupata Mugumu, umetumika, lakini mzima.

Mnyororo niliuacha kwa mpwa wangu na rula yake. Pini zake hupishana milimeta 12.7, hivyo hatua 24 za mnyororo mpya ni sentimeta 30.5 hivi, ukifika 30.8 umechakaa, kwa kuwa pini na matundu yake yameliwa, si kwamba chuma kimevutika. Wa kwetu ulipimwa 31.1. Walimu wanaweza kulifanya zoezi hili darasani kwa baiskeli yoyote iliyoegeshwa uani.

Mtu aendeshaye baiskeli mahali tambarare hutumia takribani moja ya tano ya nishati ya yule atembeaye umbali ule ule. Mpwa wangu hakuhitaji hesabu hiyo. Jumatatu aliondoka nyumbani kukiwa kumepambazuka, si gizani kama kawaida yake, ringi ya nyuma ikiwa bado inayumba kidogo. Uma wa zamani mama ameutundika ghalani.