Presha ya tenisi: Kijana, raketi na sekunde 25

Mashindano ya tenisi ya Challenger yalipofika Kigali kwa mara ya kwanza, mwishoni mwa Februari 2024, wengi walikwenda kwenye viwanja vya IPRC Kicukiro ili wamwone Yannick Noah, bingwa wa Roland Garros wa mwaka 1983. Mimi nilikwenda na wanafunzi wangu, na kilichonibaki kichwani si Noah. Ni kijana mmoja wa kigeni, jina lake sikuliandika, aliyekuwa akicheza mechi ya mchujo katika uwanja wa pembeni mbele ya watu wasiofika ishirini. Alikuwa akiongoza. Akakosea kuanzisha mpira mara mbili, pointi ikaenda kwa mwenzake, na tangu hapo mkono wake ukawa mzito kama wa mpagazi mwenye gunia. Kila alipopoteza pointi alitazama jukwaani kama anayetafuta mtu. Hakuwa na mtu wake pale.

Tumezoea kusema presha ya michezo ni kelele za mashabiki. Kwa kandanda sawa, maana Amahoro ikijaa hata mwamuzi hutetemeka. Lakini uwanja ule ulikuwa kimya kiasi cha kusikia ndege. Presha ya kijana yule ilikuwa ya hesabu, na nadhani msomaji anayevusha mzigo Rusumo, Gatuna au Goma ataielewa haraka kuliko mtu wa mshahara.

Hesabu yenyewe ni hii. Mwaka ule Kigali ilipewa Challenger 50, daraja la chini kabisa katika ngazi hiyo. Bingwa anachukua pointi 50 za orodha ya ubora duniani. Anayetolewa raundi ya kwanza hapati hata moja. Zawadi za wiki nzima zilikuwa dola 41,000, wakigawana wachezaji wote. Nauli ya ndege ni ya mchezaji mwenyewe, na kocha akitaka kuja naye, nauli inakuwa mara mbili. Tangu Julai 2022 wakubwa wa mchezo huo walianza kuruhusu kocha kumwelekeza mchezaji akiwa jukwaani, na tangu Januari 2025 ruhusa hiyo imekuwa sheria ya kimataifa. Ni jambo jema. Ila ruhusa ya kusema na kocha haimsaidii aliyemwacha kocha nyumbani kwa kukosa tiketi.

Mwaka huohuo 2024 chama cha wachezaji wa kulipwa, ATP, kilianza kuwahakikishia kipato walio ndani ya 250 bora: dola 300,000 kwa mwaka kwa mia moja wa kwanza, 150,000 kwa wanaofuata hadi wa 175, na 75,000 kwa waliobaki. Wengi wa waliokuja Kicukiro walikuwa nje ya mstari huo. Kwao, pointi moja ya saa nne asubuhi ni nauli ya wiki ijayo. Mfanyabiashara aliyekwama mpakani na nyanya zinaanza kulainika anaijua hali hiyo. Tofauti ni kwamba yeye anaweza kupiga simu.

Waliotwaa ubingwa wa wiki mbili zile nao hawakuwa wageni wa shida. Wiki ya kwanza alishinda Kamil Majchrzak wa Poland. Alikuwa ametoka kwenye adhabu ya miezi 13 baada ya vipimo kumkuta na dawa zilizokatazwa. Ilikubaliwa kwamba hakukusudia, kwamba zilitoka katika kirutubisho kilichochafuka. Mwaka 2022 aliwahi kuwa wa 75 duniani. Mwanzoni mwa 2024 alirudi hana namba kabisa, akaanza chini kama mtoto wa shule. Julai 2025 aliingia 16 bora Wimbledon.

Wiki ya pili ikawa ya Marco Trungelliti wa Argentina, yule aliyejulikana mwaka 2018 kwa kuendesha gari kutoka Barcelona hadi Paris pamoja na bibi yake wa miaka 88 baada ya kusikia nafasi imepatikana, kisha akashinda mechi yake kesho yake. Mimi namheshimu kwa jambo jingine. Aliwahi kufuatwa na watu wa kupanga matokeo, akawaripoti. Wenzake kadhaa walifungiwa, naye akaambulia kununiwa na kuitwa msaliti. Huko kwenye viwanja vya zawadi ndogo ndiko wacheza kamari huwinda vijana, kwa kuwa wanajua nani hana nauli. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo presha mbaya kuliko zote, na ndiyo tunayoizungumza kidogo.

Basi wanaivumiliaje? Niliwaambia wanafunzi wasiangalie mpira, waangalie mchezaji mpira ukishasimama. Sheria inampa sekunde 25 kati ya pointi na pointi. Mwanasaikolojia wa Marekani, Jim Loehr, aliwachunguza wachezaji bora na kugundua kwamba tofauti yao na wengine ilionekana zaidi katika muda huo. Mchezaji aliyefunzwa anageuka mgongo mara moja, hata kama amekosea vibaya, na anatembea kifua mbele. Anatazama nyuzi za raketi ili macho yasizurure jukwaani. Anavuta pumzi na kuitoa polepole. Kisha anaamua mpira unaofuata ataupeleka wapi, na mwisho anaudundisha idadi ileile ya siku zote kabla ya kuurusha. Hapa Kigali, mwinuko wa zaidi ya mita 1,500, mpira unaruka kwa kasi kuliko walivyozoea wanaotoka pwani, na pumzi inakatika mapema. Kwa hiyo sekunde zile zina kazi mbili.

Kijana wa uwanja wa pembeni alikuwa akizitumia kujigombeza.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa wasichana. Julai 2022 huko Wimbledon, fainali ya vijana ya wawili wawili, Angella Okutoyi wa Kenya na mwenzake Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi walikutana na Kayla Cross na Victoria Mboko wa Kanada. Walifungwa seti ya kwanza 3-6, wakachukua ya pili 6-4, ikabidi waende kwenye pointi za kuamua. Matokeo: 11-9. Okutoyi, aliyelelewa na bibi yake Nairobi baada ya mama kufariki wakati wa kujifungua, akawa Mkenya wa kwanza kutwaa taji la mashindano makubwa manne ya tenisi. Machi 2024 akaongeza dhahabu ya Michezo ya Afrika mjini Accra.

Lakini mtazame na aliyefungwa. Mboko alikuwa na miaka 15, binti wa wazazi waliotoka Congo. Pointi mbili tu zilimnyima kombe. Agosti 2025, akiwa na miaka 18, aliingia mashindano ya Kanada mjini Montreal kwa nafasi ya mwaliko. Nusu fainali alikuwa pointi moja tu kutoka kutolewa na Elena Rybakina, akaponea. Fainali alimkuta Naomi Osaka, akafungwa seti ya kwanza 2-6, kisha akashinda 6-4, 6-1. Osaka naye anaijua presha: mwaka 2021, akiwa tayari na mataji manne makubwa, alijitoa mashindano ya Ufaransa baada ya kutozwa faini ya dola 15,000 kwa kukataa mikutano ya waandishi, akieleza kwamba alikuwa akisumbuliwa na sonona.

Hadithi ya Mboko inanigusa kwa sababu ya malezi yangu. Nilisoma Tanzania, mtoto wa wakimbizi, na baba alikuwa akituambia hatuna shamba nchi ile, shamba letu ni daftari. Aliposema hivyo hakuwa anatisha, alikuwa anaeleza hali. Hata hivyo nilikuwa nikiingia kwenye mtihani nikiwa nimewabeba watu saba mgongoni. Watoto wengi wa waliorejea bado wanabebeshwa mzigo huo, siku hizi kwa raketi na mpira kama kwa kalamu. Nawaona wazazi wao wakisimama kwenye waya wa uwanja, wakipiga kelele kwa kila kosa, huku mtoto akitazama kwao badala ya kutazama nyuzi.

Mwanafunzi wangu mmoja alikuwa kati ya waokota mipira wa mwaka 2024, na tangu hapo haambiliki: anataka tenisi ya kulipwa. Mama yake anapitisha vitunguu na mchele Rusumo. Alikuja shuleni akaniuliza, "Mwalimu, mchezo huu una ugali?" Nikamwandikia zile hesabu kwenye karatasi, pointi, nauli, zawadi. Alizisoma taratibu kama anayesoma hati ya forodha. Kisha akauliza jambo ambalo halikuwa kwenye karatasi: "Siku akifungwa huko ugenini, usiku ule atakaa na nani?"

Tulikubaliana amalize shule huku akifanya mazoezi kila Jumamosi. Mashindano yake ya kwanza ya nje yatakuwa Kampala, kwa basi, ili mama aende naye na kurudi na mzigo.