Slaidi zinazosomeka: Nyenzo ya msafirishaji kwenye vikao vya mpakani

MALORI yakikwama mpakani, msafirishaji hupiga simu, hufuatilia karatasi na hulipia maegesho. Lakini malalamiko yake yanapofikishwa kwenye kikao cha wafanyabiashara na maofisa wa serikali, mara nyingi hupewa dakika 10 au 15 tu, projekta moja na ukuta mweupe. Asipoeleweka ndani ya muda huo, suala lake linasubiri kikao kingine, na malori yanasubiri pamoja nalo.

Vikao hivyo si vya kupiga soga. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2017 ya kuondoa vikwazo visivyo vya kiforodha imeweka utaratibu wa kuripoti vikwazo na kuvishughulikia kupitia kamati za kitaifa. Aidha, katika vituo vya pamoja vya mpakani, kama Rusumo kilichozinduliwa mwaka 2016 na Busia na Namanga vilivyozinduliwa mwaka 2018, maofisa wa nchi mbili hufanya kazi sehemu moja. Maana yake ni kwamba mwenye hoja huzungumza na forodha, uhamiaji, afya, kilimo na viwango, tena wa pande zote mbili, kwa wakati mmoja.

Kwa hali hiyo, slaidi si mapambo. Ni sehemu ya hoja yenyewe, na slaidi mbaya inaweza kuificha hoja nzuri.

Hatari iliyofichwa mstari wa mwisho

Mfano unaotajwa sana duniani ni wa chombo cha anga za juu cha Marekani, Columbia. Chombo hicho kiliruka Januari 16, 2003. Sekunde 82 hivi baada ya kuruka, kipande cha sponji ngumu ya kukinga joto kilibanduka kwenye tangi la mafuta na kugonga bawa la kushoto. Wakati wanaanga wakiwa bado angani, wahandisi walitoa maelezo kwa wakubwa wao kwa kutumia slaidi.

Moja ya slaidi hizo ilikuwa na kichwa cha habari kilichotia moyo, na chini yake maneno mengi yaliyopangwa kwa ngazi kadhaa za vitone. Habari nzito ilikuwa chini kabisa, kwa herufi ndogo: majaribio yaliyokuwa yakitegemewa yalifanywa kwa vipande vidogo mno. Ulinganisho ulioandikwa ulikuwa inchi za ujazo 1,920 kwa 3, yaani mara 640.

Columbia iliteketea ikirejea duniani Februari 1, 2003 na wanaanga wote 7 walikufa. Sababu ya ajali ilikuwa ni tundu kwenye bawa, wala si slaidi. Hata hivyo, bodi ya uchunguzi iliyotoa ripoti Agosti 2003 iliitaja slaidi hiyo, ikieleza kuwa ni rahisi kuona jinsi kiongozi angeweza kuisoma asitambue kuwa inazungumzia hatari ya maisha.

Kwa mfanyabiashara funzo ni moja: jambo kubwa kuliko yote liwe juu, kwa herufi kubwa, na kwa sentensi kamili.

Kichwa cha slaidi kiwe jibu

Kosa la kawaida ni kuandika kichwa kama jina la faili: "Changamoto za mpakani", "Hali ya usafirishaji", "Takwimu". Vichwa hivyo havisemi lolote. Msikilizaji analazimika kutafuta maana mwenyewe huku mwasilishaji akiendelea kuongea.

Chukua mfano wa chama cha wasafirishaji wa nafaka ambacho madereva wake wameandika kwenye daftari saa za kufika na kuondoka mpakani kwa malori 40, kuanzia Januari hadi Machi. Hesabu hizi ni za mfano tu: kuingia na kuegesha saa 2, forodha saa 3, ukaguzi wa ubora saa 26, uhamiaji saa 1, kutoka getini saa 1. Jumla ni saa 33.

Slaidi yenye kichwa "Muda wa kupita mpakani" na jedwali la safu 40 chini yake haitasomwa na mtu yeyote. Slaidi yenye kichwa "Lori hukaa saa 33 mpakani, saa 26 ni za kusubiri ukaguzi wa ubora" imeshamaliza kazi hata kabla ya grafu kuonekana. Ofisa wa forodha atajua kwamba yeye si mlengwa, na ofisa wa viwango atajua kwamba swali ni lake.

Grafu ipi inafaa

Kwa mfano huo, grafu inayofaa ni ya mihimili mitano iliyolala, iliyopangwa kwa mtiririko wa safari ya lori. Mhimili wa ukaguzi upakwe rangi moja kali na mingine minne iwe ya kijivu. Namba iandikwe mwishoni mwa kila mhimili ili mtu asihangaike kupima kwa macho.

Grafu ya duara iliyogawanywa kama keki inapendwa na wengi, lakini jicho la binadamu halipimi vizuri vipande vya duara vinavyokaribiana. Grafu zenye kivuli na umbo la boksi nazo huleta utata kuhusu mhimili unaishia wapi. Ni vyema kuziacha.

Chini ya grafu iandikwe data ilikotoka: "Malori 40, Januari hadi Machi, daftari za madereva." Mstari huo mmoja hulinda hoja. Ofisa akiuliza kama hayo ni malalamiko ya lori moja lililokuwa na karatasi pungufu, jibu lipo. Na kama kweli lori moja lilikaa siku 5 kwa sababu ya karatasi zake lenyewe, liondolewe kwenye wastani na lisemwe wazi kwamba limeondolewa. Likigunduliwa na upande wa pili, namba zote zitatiliwa shaka.

Picha badala ya maneno

Yapo mambo ambayo mchoro mmoja unayaeleza kuliko aya tatu. Mfano ni viwango vya uzito vya Jumuiya ya Afrika Mashariki: ekseli ya usukani tani 8, ekseli moja yenye matairi manne tani 10, ekseli mbili za pamoja tani 18, ekseli tatu za pamoja tani 24, na uzito wa juu wa gari na mzigo tani 56. Vikiandikwa kama orodha, madereva wapya huvichanganya.

Lakini mchoro wa lori la kawaida la ekseli sita, kichwa na tela, ukiwa na namba 8 chini ya tairi za mbele, 18 chini ya zile za nyuma za kichwa na 24 chini ya tela, unaonyesha papo hapo jumla ya tani 50. Unaonyesha pia kwa nini lori lisilofika uzito huo linaweza kukamatwa kwenye mizani iwapo mzigo umerundikwa upande mmoja.

Picha za simu zinasaidia pia, mradi iwe moja kwa slaidi na ijaze slaidi. Picha sita ndogo za foleni hazimwonyeshi mtu chochote. Nyuso na namba za magari zifichwe pale zisipohitajika.

Herufi, rangi na kipimo cha mita moja na nusu

Kumbi nyingi za mikutano mipakani zina madirisha makubwa na mapazia mepesi. Mchana projekta hupauka. Kwa sababu hiyo herufi nyeusi juu ya mandhari nyeupe ndizo salama zaidi. Njano juu ya nyeupe, au nyekundu juu ya bluu, huwa hazionekani kutoka viti vya nyuma. Aidha, wapo watu, hasa wanaume, wasiotofautisha vizuri nyekundu na kijani, hivyo "nzuri" na "mbaya" zisitofautishwe kwa rangi hizo peke yake. Neno au namba iongezwe.

Mwekezaji wa Marekani Guy Kawasaki alieneza mwaka 2005 kanuni ya 10, 20, 30: slaidi zisizidi 10, dakika zisizidi 20, herufi zisipungue ukubwa wa pointi 30. Si amri, lakini ni kipimo kizuri cha kuanzia. Herufi zikishuka chini ya 24, ni dalili kwamba maneno yamezidi, na dawa yake ni kupunguza maneno.

Kuna njia rahisi ya kupima. Skrini yenye upana wa mita 2 ikitazamwa na mtu aliye mita 10 huonekana sawa na kompyuta yenye upana wa sentimita 30 ikitazamwa kutoka mita 1.5. Kwa hiyo mwasilishaji afungue slaidi kwenye kompyuta yake, arudi nyuma hatua mbili na ajaribu kusoma. Asichoweza kusoma hapo, mtu wa kiti cha nyuma naye hatakisoma.

Mitego ya mpakani

Slaidi za biashara ya kuvuka mpaka zina mitego yake ambayo vitabu vingi vya ofisini havitaji.

Sarafu. Kenya, Uganda na Tanzania zote zinatumia shilingi, lakini thamani zake hazifanani. "Sh 50,000" bila kutaja ni ya nchi gani ni chanzo cha ubishi. Ziandikwe KES, UGX au TZS, na pale nchi tatu zinapohusika ni vyema kuweka safu moja ya dola na tarehe ya kiwango kilichotumika.

Saa. "Saa 2" kwa Kiswahili ni saa nane kwa hesabu ya Kizungu, na kwenye ukumbi mmoja wapo wanaosoma kwa kila namna. Muda uandikwe kwa tarakimu nne, kama 08:00 au 20:00. Vilevile itofautishwe kati ya saa ya ukutani na idadi ya saa za kusubiri.

Namba. Wenzetu wa Burundi na Kongo waliosoma kwa Kifaransa hutumia mkato pale wengine wanapotumia nukta. "1.500" yaweza kusomwa elfu moja mia tano au moja na nusu. Katika hesabu za tani kosa hilo si dogo. Njia salama ni kuandika 1500 bila alama, au kutaja kipimo kwa maneno.

Tarehe. "03/04" ni Aprili 3 kwa mmoja na Machi 4 kwa mwingine. Mwezi uandikwe kwa jina.

Lugha. Mwaka 2021 wakuu wa nchi za Jumuiya waliamua Kiswahili na Kifaransa viwe lugha rasmi pamoja na Kiingereza, na mwaka 2022 Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilijiunga. Kujaza lugha tatu kwenye slaidi moja huifanya isisomeke. Bora slaidi iwe na lugha moja, maneno machache na namba kubwa, na tafsiri itolewe kwenye karatasi.

Mpangilio wa dakika 15

Kwa hoja moja, slaidi sita zinatosha: tatizo kwa sentensi moja, njia ambayo lori hupita, muda unaopotea na wapi, gharama yake kwa mwenye lori na kwa mnunuzi wa bidhaa, ombi, na mwisho nani afanye nini na lini. Katika mfano ulio juu, ombi laweza kuwa ofisi ya ukaguzi iongeze zamu ya usiku kwa majaribio ya miezi mitatu, kisha saa zipimwe upya. Ombi la namna hiyo linajibika kwa ndiyo au hapana. "Serikali iangalie suala hili" halijibiki.

Chama chenye malalamiko manane kisiyabebe yote. Moja au mawili yaliyopimwa vizuri yapelekwe ukumbini, mengine yawekwe kwenye karatasi. Slaidi ya mwisho ya "Asanteni" nayo iondolewe. Ombi ndilo libaki ukutani wakati wa maswali.

Kabla ya kuondoka ofisini

Projekta za zamani zina umbo la mraba zaidi kuliko kompyuta za sasa, hivyo kingo za slaidi zisijazwe maandishi. Faili lihifadhiwe pia kwa muundo wa PDF ili herufi zisibadilike kwenye kompyuta ya wenyeji, na liwekwe kwenye flashi mbili. Waya wa projekta wa aina zote mbili, mpya na wa zamani, ubebwe.

Umeme ukikatika, nakala 20 za karatasi moja yenye grafu na ombi zitaokoa kikao. Mara nyingi karatasi hiyo ndiyo inayobaki kwenye jalada la ofisa, na ndiyo atakayoifungua siku atakapoulizwa kilifanyika nini kuhusu malori yale yanayolala getini.