Unatafuta kitu mtandaoni, kompyuta inakupeleka kwingine? Linda PIN yako kwanza

Binamu yangu anasoma Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru, pale Nchiru. Jumamosi moja alinipigia simu sauti ikitetemeka. "Dada, laptopu yangu imeingiwa na nini? Natafuta eCitizen, inanipeleka kwa vitu sivijui."

Alikuwa anataka cheti cha polisi cha mwenendo mwema, kile kinachoitishwa ukitafuta kazi. Akaandika "ecitizen" kwenye brauza, akabonyeza jibu la kwanza. Ukurasa uliofunguka ulikuwa na rangi na nembo za serikali. Ukamuuliza namba ya simu, namba ya kitambulisho na PIN ya pesa za simu. Akajaza zote tatu.

Dakika chache baadaye akapigiwa na mtu aliyejiita wa huduma kwa wateja. "Nisomee ile namba imeingia kwa meseji." Hapo ndipo aliposhtuka, akakata simu. Kwa laini kulikuwa na kodi yake ya mwezi mzima.

Kwanza, funga mlango wa pesa

Wengi wetu tungeanza kuhangaika na laptopu. Hapana. Virusi vinaweza kungoja hadi jioni, lakini mwizi hangoji. Kama umejaza PIN kwenye ukurasa unaoushuku:

1. Badilisha PIN sasa hivi, kwa simu yako, kupitia menyu ya pesa. Usitumie ile kompyuta.
2. Mtu yeyote akikupigia akitaka namba iliyotumwa kwa meseji, kata. Akaunti yako imefungwa kwenye laini yako, kwa hivyo PIN peke yake haimtoshi mwizi. Anahitaji hiyo namba, ama ahamishe laini yako kwenye kadi yake.
3. Simu ikipoteza mtandao ghafla na za wenzako ziko sawa, azima simu upigie mtoa huduma wako mara moja. Huenda laini inahamishwa.
4. Badilisha paswadi ya barua pepe ukitumia kifaa kingine. Mwenye barua pepe yako anaweza kubadilisha paswadi zako zingine zote.

Na kama pesa zimeshaenda, piga ripoti kwa mtoa huduma na kwa kituo cha polisi. Tuna Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018, na wizi wa aina hii uko ndani yake.

Si kila hitilafu ni virusi

Sasa turudi kwa laptopu. Kabla ya kumlipa fundi, angalia haya:

*Saa na tarehe.* Brauza ikikataa kufungua karibu kila tovuti ikisema muunganisho si salama, tazama saa pale chini kulia. Kompyuta nzee ambayo betri yake ndogo ya ndani imekufa husahau tarehe kila stima ikipotea. Brauza hulinganisha tarehe hiyo na cheti cha tovuti, zikikataana inakuzuia. Rekebisha tarehe, kisha jaribu tena.

*Google ikikuuliza kama wewe ni roboti.* Hosteli nzima ama saiba nzima ikitumia intaneti moja, Google huona watu wote kama mtu mmoja anayetafuta sana. Jaribu kwa bando za simu yako. Swali likiendelea kukufuata hata huko, basi shuku kompyuta.

*Waifai.* Tafuta kitu kilekile kwa simu iliyounganishwa kwenye waifai hiyohiyo. Simu nayo ikipelekwa kwingine, shida huenda ni ruta. Ikiwa ni laptopu peke yake inayopotea, shida iko ndani ya laptopu.

Dalili zinazoonyesha kuna programu hasidi ni hizi: ukurasa wa kwanza umebadilika bila wewe kuubadilisha, utafutaji unapitia tovuti usiyoijua kabla ya kuleta majibu, matangazo yanaruka hata brauza ikiwa imefungwa, na ukirekebisha leo, kesho imerudi vilevile.

Wanapata nini?

Utafutaji wako ni pesa. Mwenye kuushika anaamua uone tangazo gani, na analipwa. Novemba 2011, FBI ya Marekani ilitangaza kukamatwa kwa raia sita wa Estonia waliosambaza programu iliyoitwa DNSChanger. Iliingia kwenye kompyuta takriban milioni 4 katika nchi zaidi ya 100, ikawa inawapeleka watu kwenye tovuti ambazo hawakuziomba. Genge hilo lilivuna angalau dola milioni 14. Waathiriwa wengi hawakujua lolote, walidhani ni intaneti tu inasumbua.

Ndiyo maana hatupuuzi brauza inayopotea njia. Inayoweza kukupeleka kwa tangazo inaweza pia kukupeleka kwa eCitizen bandia.

Kuisafisha, hatua kwa hatua

Binamu yangu alikuwa ameweka programu ya bure ya kupakua video, na hiyo ilikuja na mgeni ambaye hakualikwa. Tulifanya hivi, kwa Windows na Chrome:

1. *Ondoa programu usizozijua.* Andika "Add or remove programs" pale kwa kutafuta, panga kwa tarehe, toa zilizoingia wakati shida ilianza.
2. *Kagua ekstensheni*, vile viprogramu vidogo vinavyoshikizwa kwenye brauza. Bonyeza vidoti vitatu juu kulia, fungua "Extensions", toa chochote usichokikumbuka.
3. *Rudisha brauza ilivyokuwa mwanzo.* Ndani ya "Settings" kuna "Reset settings". Paswadi na kurasa ulizohifadhi hazipotei.
4. *Angalia proksi.* Kwenye "Settings" za Windows, sehemu ya mtandao, fungua "Proxy". Kama ni laptopu yako ya nyumbani na imewashwa bila wewe kujua, izime. Ya ofisi ama ya chuo, muulize fundi wao kwanza.
5. *Piga msasa kwa antivairasi.* Windows inayo yake, inaitwa "Windows Security". Chagua "offline scan". Hifadhi kazi yako kwanza, kwa sababu kompyuta itajizima na kuwaka tena.

Ikirudi baada ya hayo yote, zima usawazishaji wa akaunti yako kwenye Chrome, kwa maana ekstensheni mbaya inaweza kurudi kupitia huko. Ikikataa kabisa, hifadhi mafaili yako na uwekewe Windows upya. Ukiwa kwa hiyo shughuli, kumbuka msaada wa kawaida wa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hivyo uliza kama mashine yako inaweza kubeba Windows 11.

Ukiwa saiba huwezi kuyafanya haya yote, mashine si yako. Huko andika anwani mwenyewe badala ya kuitafuta: ecitizen.go.ke, herufi kwa herufi. Tovuti za serikali ya Kenya huishia na .go.ke. Ukimaliza, toka kwenye akaunti kabla ya kuinuka kwa kiti.

Kanuni moja ya kubeba

PIN yako inaandikwa kwa simu yako pekee. Ukilipa kwenye tovuti halali, ombi linakuja kwenye simu yenyewe, unaona jina la anayelipwa na kiasi, ndipo unaweka PIN hapo. Ama unapewa namba ya paybill, kama ile ya serikali, 222222, unalipa mwenyewe kupitia menyu. Ukurasa wa brauza ukikuomba PIN, ni wa mwizi, hata ukiwa na nembo gani.

Binamu yangu alibadilisha PIN kabla hatujakata simu. Kodi ililipwa Jumatatu, na cheti akakiomba kwa kuandika anwani mwenyewe.

Je, kuna mtu kwenu anatumia laptopu ya mitumba ama saiba kulipia huduma? Mtumie hii leo.