Gitaa Hili ni la Nani?

Mtu akikuazima jembe lake, shamba utalilima; lakini mahali pa kupanda atapenda kupachagua yeye. Ndivyo ilivyokuwa kwa wapigaji wa muziki wa dansi katika Tanzania ya Ujamaa.

Mwaka 1964 chama cha wafanyakazi, NUTA, kiliunda bendi iitwayo NUTA Jazz. Muhidini Gurumo alikuwa mmoja wa waimbaji wake wa kwanza. Wapigaji walipokea mshahara kama makarani, na vyombo vyote vilikuwa mali ya chama. Baada ya Azimio la Arusha, mwaka 1967, desturi hiyo ilienea: polisi, jeshi, vijana wa TANU, hata shirika la teksi, ambalo mwaka 1978 lilianzisha Mlimani Park na kumvuta Gurumo kwake.

Tusiudharau mpango huo. Fedha za kigeni zilikuwa adimu. Fundi maskini angelipata wapi gitaa la umeme? Nyimbo zilirekodiwa Redio Tanzania, redio ya serikali isiyokuwa na mshindani Tanzania Bara, na maneno yake yalikaguliwa kwanza. Chama kilisifiwa, naam. Lakini watu walijaa ukumbini kwa ajili ya nyimbo za ndoa, za wivu na za ndugu wasiosaidiana, na hizo pia redio ilizipiga usiku na mchana.

Hata ndugu yetu Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu aliyefika Dar es Salaam mwaka 1978, alipendwa huko kama mwana wa nyumbani. Lakini alipoimba waziwazi habari za ukimwi na mipira ya kiume, redio ilikataa wimbo wake.

Ujamaa ulipodhoofika, mwenye fedha alikuwa na nguvu kuliko mwenye chama. Mwaka 1985 tajiri mmoja aliwachukua wanamuziki sita wa Mlimani Park kwa siku moja, Gurumo akiwa miongoni mwao. Mwaka 1992 vyama vingi vikaruhusiwa. Mwaka 1994 redio za watu binafsi zikaanza. NUTA Jazz, iliyokwisha kuitwa JUWATA, kisha OTTU, ikabaki Msondo Ngoma, nayo ikajitafutia riziki yenyewe. Gurumo alikuwa amerudi humo. Sasa mkaguzi wa redio ya serikali hakuwa tena mlango wa pekee; lakini hapakuwa na mshahara wa mwisho wa mwezi. Vijana walirekodi kwa kompyuta, pasipo bendi, na redio mpya zikawapenda wao.

Mwaka 2013 Mzee Gurumo aliaga jukwaa, mgonjwa, baada ya miaka hamsini hivi ya kuimba. Motokaa hakuwa nayo. Mwaka uleule Diamond Platnumz, kijana aliyetajirika kwa muziki huo mpya, alimpa moja mbele ya watu. Mzee alifariki dunia mwezi wa Aprili, 2014.