Aliyeachiliwa na mahakama asibaki mfungwa wa karatasi

SIFA zote njema ni zake Mwenyezi Mungu, Mjuzi wa yaliyofichika na yaliyo dhahiri. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W), aali zake na sahaba zake.

Ndugu zetu katika imani, Ijumaa ya leo tungependa kulizungumzia jambo linalowakumba vijana wengi, nalo kwetu husemwa kwa kunong'ona tu. Ni ile rekodi inayobaki polisi na mahakamani baada ya mtu kukamatwa, na namna inavyomwandama miaka mingi baada ya kesi yenyewe kusahauliwa.

Hebu tutafakari hali hii. Kijana amepata kazi Qatar au Saudia, au kazi ya ulinzi hapa nyumbani. Anatakiwa alete cheti cha uchunguzi wa polisi, ambacho wengi wetu tungali tunakiita cheti cha tabia njema. Anajaza maombi katika mtandao wa eCitizen, analipa ada, kisha anakwenda na kitambulisho chake kupigwa alama za vidole. Jibu linaporudi, anaambiwa jina lake lina kesi. Kesi ipi? Ni ile ya miaka sita iliyopita, alipozolewa katika msako wa usiku, akafikishwa mbele ya hakimu, mlalamishi hakutokea, na faili ikafungwa. Alirudi nyumbani akimshukuru Mola wake, akidhani yamekwisha. Mahakamani kweli yalikwisha. Katika sajili ya alama za vidole yalikuwa yangalipo.

Sababu yake si ngumu kuielewa. Anayewekwa kizuizini kihalali, polisi wana ruhusa ya kumchukua alama za vidole na picha, na kumbukumbu hizo hutunzwa na Idara ya Upelelezi wa Jinai (DCI). Uamuzi wa kesi, kwa upande mwingine, hutolewa na mahakama na kuhifadhiwa katika masjala yake. Habari ya kukamatwa hutangulia mbio. Habari ya kuachiliwa aghalabu hulala ndani ya faili hadi mwenyewe aifuate.

Haki, si hisani

Ni muhimu kijana huyo afahamu kwamba anapotaka rekodi hiyo iondolewe, haombi fadhila ya mtu. Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya mwaka 2011 inaelekeza kwamba mtu ambaye hajawahi kupatikana na hatia, akiachiliwa na mahakama, alama zake za vidole na picha zake ziharibiwe au akabidhiwe mwenyewe. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 35, inampa kila mtu haki ya kurekebishiwa au kufutiwa habari isiyo ya kweli au yenye kupotosha ambayo inamdhuru. Nacho kifungu cha 50 kinamhesabu kila mshtakiwa kuwa hana hatia hadi ithibitishwe vinginevyo.

Hayo si mageni kwetu. Mafakihi wetu waliweka kanuni tangu karne za mwanzo kwamba asili ya mwanadamu ni kutakasika dhima yake, na kwamba lililo yakini haliondolewi na shaka. Suratul Hujurat nayo imetuonya juu ya dhana na kupekua aibu za watu. Kukamatwa ni shaka. Hukumu ndiyo inayohitaji ushahidi.

Tukumbuke mwaka 2014. Tarehe 2 Februari polisi waliuvamia Msikiti Musa, Mombasa, na zaidi ya watu 100 wakakamatwa. Aprili mwaka huo, katika operesheni ya Usalama Watch, maelfu walizolewa, hasa mtaani Eastleigh, Nairobi, na wengi wakazuiliwa katika uwanja wa Kasarani. Wapo wengi walioachiliwa bila hatia yoyote kuthibitishwa. Tukichukulia kila aliyekamatwa kuwa mhalifu, tutakuwa tumewahukumu halaiki ya watu kwa kosa la kuwapo mahali fulani siku fulani.

Hatua za kufuata

Hatua ya kwanza ni kuijua kesi yenyewe: mahakama gani, mwaka gani, nambari gani. Aliyesahau aitafute risiti ya dhamana ya pesa taslimu, kwa kuwa huandikwa nambari ya kesi. Mara nyingi mama au mjomba aliyelipa ndiye aliyeihifadhi. Asipoipata, arejee kituo alichozuiliwa akiwa na tarehe, ili jina lake litafutwe katika kitabu cha matukio, yaani OB.

Hatua ya pili ni kwenda katika masjala ya mahakama hiyo na barua yenye jina kama lilivyo katika kitambulisho pamoja na nambari ya kesi, kuomba nakala iliyoidhinishwa ya uamuzi. Ada ya halali ilipwe na risiti ichukuliwe. Faili kuukuu huwa limepelekwa ghalani, basi subira inahitajika.

Hatua ya tatu, nayo wengi huiruka, ni kusoma kesi ilimalizikaje. Katika Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, vifungu vya 202, 204, 210 na 215 vyote vinahusu kuachiliwa huru: kwa mlalamishi kutofika, kwa mlalamishi kuiondoa kesi, kwa kukosekana kesi ya kujibu, au baada ya kesi kusikizwa yote. Kifungu cha 87(a) ni tofauti. Hapo upande wa mashtaka umeiondoa kesi kabla ya mshtakiwa kujitetea. Mtu huachiliwa, lakini anaweza kushtakiwa tena. Mwenye karatasi ya namna hii ahakikishe hakuna kesi nyingine iliyofunguliwa nyuma yake. Na ikiwa aliacha kuhudhuria kesi kabla haijaisha, huenda kibali cha kumkamata kingali hai. Huyo atafute wakili, ajisalimishe mahakamani, na amalize lililobaki.

Hatua ya nne ni kuipeleka nakala hiyo DCI pamoja na barua ya kuomba kumbukumbu zirekebishwe, na kubaki na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokewa. Ikiwa hapati jibu, Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inaipa afisi ya umma siku 21 kujibu ombi la habari, na malalamiko hupelekwa kwa tume maarufu kama Ombudsman. Ipo pia Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 na kamishna wake, na mwisho ni Mahakama Kuu. Asiye na uwezo aulizie msaada wa wakili chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016.

Tunawaonya vijana wetu dhidi ya madalali wanaoahidi kulisafisha jina kwa siku moja. Mtume (S.A.W) amemlaani mtoaji rushwa na mpokeaji wake, na cheti cha kughushi ni kosa la jinai. Jana ulikuwa huna hatia bali karatasi tu. Ukikinunua cheti hicho, leo hatia unayo kweli.

Na aliyekosa kweli?

Wapo waliotenda na wakahukumiwa. Hawa hawana haki ya kudai kwamba halikutokea. Aliyeona amedhulumiwa ana siku 14 za kukata rufaa, na akichelewa aweza kuomba ruhusa akieleza sababu. Kifungu cha 133 cha Katiba kinampa Rais uwezo wa kusamehe, kwa ushauri wa kamati maalumu.

Sheria yetu tukufu ina funzo hapa. Aliyemsingizia mwanamke mwema zinaa huadhibiwa na ushahidi wake hukataliwa. Akitubia, je? Imam Abu Hanifa alishikilia kwamba ushahidi wake hauna kurudi. Maimamu Malik, Shafi na Ahmad walisema unakubaliwa. Madhehebu ya Shafi ndiyo tuliyorithi katika pwani hii, na ndani yake toba ya kweli inamrudishia mtu neno lake mbele ya kadhi. Uingereza nayo ilipitisha mwaka 1974 sheria inayoyahesabu makosa mengi kuwa yamepitwa na wakati ikiwa mtu amekaa muda uliowekwa bila kosa jingine. Wabunge wetu wanafaa kulitazama jambo hili.

Sisi wengine tuna wajibu wetu. Mwajiri akiletewa cheti chenye kesi, amuulize mwenyewe na aitazame nakala ya mahakama kabla ya kumfungia mlango. Jirani asiyageuze ya zamani kuwa mazungumzo ya barazani. Nao maimamu na wazee wamsindikize kijana hadi masjala, kwani mwenye hofu ya kuingia mahakamani akipata mtu mzima kando yake, nusu ya safari imekwisha.

Twamuomba Mwenyezi Mungu azisitiri aibu zetu duniani na akhera, awafungulie milango waliofungiwa bila haki, na atujaalie tuwe mashahidi wa kweli juu ya ndugu zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.