Wazee wa misheni siyo mabenki, jamani!

Wadau, huku Kasulu na Kibondo akionekana mzee wa kizungu na mkewe kanisani, watu wanadhani hela zimefika. Jamani, wengi ni wastaafu! Wanaishi kwa pensheni au michango ya waumini wa kwao.

Niliwahi kuwa jirani wa wawili. Asubuhi sala na chai, halafu mzee anafundisha wainjilisti, bibi anafundisha akina mama kushona. Jioni kusalimiana Kiha, makofi mpaka giza.

Baada ya miaka miwili wakarudi kwao. Cherehani ya kwanza ilipoharibika, hakuna aliyejua kuitengeneza. Sote tulikuwa tumeomba hela, hakuna aliyeomba kufundishwa ufundi. Wakija wengine, tuanze na hilo.